Ngome ya Darwesh na Eda ya Mwalimu Hafidha

Mwalimu Hafidha binti Ishaka hakuwa mtu wa kusamehe, na tusimsingizie wema ambao mwenyewe hakuwahi kudai kuwa nao. Miaka thelathini na moja alifundisha hesabu sekondari hapa Bagamoyo, na wanafunzi walimwita Bi Nukta, maana ukiisahau nukta ya desimali alikukata alama zote hata ungemlilia. Alipostaafu hakufuga kuku wala hakufungua genge. Alikwenda vitani angani.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kwenye kompyuta. Mumewe, Darwesh, muuza vifaa vya ujenzi pale Kerege barabarani, ndiye aliyeuleta mchezo ule nyumbani baada ya kuuona kwa binamu zake wa Maskati. Watu wa nchi mbalimbali huingia humo kwa mtandao, wakaunda vyombo vya anga, wakasafiri, wakapigana. Darwesh alipenda mizinga na makelele. Hafidha akakaa pembeni akatazama, na siku ya tatu akaona jambo ambalo mumewe hajaliona mpaka leo: nyota za mchezo ule ni nyota za kweli. Waliouunda walichukua vipimo vya wanafalaki, wakaiweka kila nyota ya jirani palepale ilipo, kwa umbali wake na rangi yake. Basi mtu aliyelijua anga la juu ya paa lake alikuwa na ramani ambayo wengine hawakuwa nayo.

Kuanzia hapo Darwesh akawa amiri kwa jina, na Hafidha akawa macho yake. Kikosi chao kilikuwa na watu arubaini, wa Tanga, Mombasa, Unguja mpaka Maskati, na hakikupotea njia hata mara moja. Sifa zote zilikwenda kwa amiri. Hafidha alimpikia, akampangia njia, akamnyamazia, na hakuona taabu.

Mpaka siku ile. Kikosi kizima kilikuwa kikisikilizana kwa vipaza sauti, mtu wa Mombasa akamuuliza amiri aliigunduaje sayari aliyoitangaza wiki ile. Darwesh akababaika. Akasema aliifuata Shi'ra, ile nyota ing'aayo kuliko zote usiku, kwa kuwa Shi'ra ndiyo nyota ya kaskazini. Hafidha alikuwa akichambua mchele kando yake, na ulimi wa darasani ukamponyoka.

"Shi'ra si ya kaskazini, bwana. Keti, usome tena."

Watu arubaini wakacheka kwa mpigo mmoja. Darwesh uso ukamwiva. Angeweza kucheka nao, jambo likaisha. Badala yake akakisogelea kipaza sauti, akasema taratibu ili pasiwe na atakayesema hakusikia.

"Hafidha binti Ishaka, una siku mbili za kuniomba radhi mbele ya hawa. Mwezi wa mfungo saba ukiandama hujaniomba, nimekuacha talaka moja."

Miaka ishirini na tisa ya ndoa, mtu mzima, mwalimu wa watu, anatajiwa talaka mbele ya wageni asiowajua hata sura. Hafidha hakuomba radhi. Alimaliza kuchambua mchele, akaupika, akafunga nguo zake, akarudi mjini kwa kaka yake Mikidadi. Mwezi ulipoandama alikuwa amesimama uani, akauona kwa macho yake, akaanza kuhesabu.

Sheria ilikuwa wazi. Mwanamke wa umri wake, aliyekwisha kukatika damu, eda yake ni miezi mitatu ya mwandamo: mfungo saba, mfungo nane, mfungo tisa. Rajabu ikiandama yuko huru. Lakini kabla ya hapo, mume aliyetoa talaka moja ana haki ya kusema neno moja tu, nimekurejea, na mke amerudi, apende asipende. Darwesh alilijua hilo, na hakuona haya kulisema. Alimpigia Mikidadi simu wiki ya kwanza.

"Shemeji, muache akae apoe. Siku ya tisini nitakuja kumchukua. Atakuwa ameshajifunza adabu."

Mikidadi, mtu mpole apendaye suluhu, aliyapeleka maneno yale kwa dada yake kama habari njema. Hafidha akamsikiliza, akaitikia vizuri, akaingia chumbani akafunga mlango. Adabu! Neno lile lilimchoma kuliko talaka yenyewe. Alilia kwa hasira mpaka mto ukalowa, kisha akajifuta uso akaamua mambo mawili. La kwanza, hatarudi. La pili, Darwesh atalipa.

Akaanza na lile la pili, maana lilikuwa tamu zaidi.

Darwesh alikwishamtoa kikosini na kuihamisha ngome yao, ile waliyoijenga pamoja miaka sita, akaificha kwenye nyota asiyoijua mtu. Lakini mwenye majivuno hawezi kujificha akatulia. Alitawanya picha kwa wachezaji wote: ngome, bendera, yeye mwenyewe kwa sura ya askari juu ya mnara, na chini yake maneno, "Nani wa kunipata?" Hafidha alijifungulia jina jipya mchezoni, akajiita Kungwi, akaipata picha ile kama walivyoipata wengine. Kwa kuwa alikuwa edani na hakutoka, alimwomba wifi yake, Tatu, akaichapishe dukani kwa ukubwa wa karatasi ya mtihani.

"Wifi, na hii nayo ya nini? Mashetani gani haya?" Tatu aliuliza akimpa.

"Ni mume wangu huyo, wifi. Nimemkumbuka."

Darwesh alikuwa amejitazama mwenyewe tu pichani. Hafidha alitazama nyuma yake. Ukitoka Zinga kwenda Kerege, minazi ya mbali husimama palepale, lakini nguzo za umeme za kando ya njia hukupita moja moja. Nyota nazo ni hivyo hivyo: za mbali mno hazijali umehamia wapi, za karibu husogea. Pichani, zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, za mbali hizo, zilikaa kama zikaavyo juu ya Bagamoyo. Lakini Shi'ra, iliyo jirani yetu, ilikuwa imezisogelea, imeacha mahali pake. Na upande wa pili wa zile tatu palikuwa na nyota ndogo ya manjano, mahali ambapo Hafidha alijua kwa hakika hapana nyota.

Akaitazama sana. Lilikuwa jua letu, linavyoonekana na mtu aliye mbali.

Aliweka rula chini akacheka. Maana kule anakoliona jua, kinyume chake ndiko aliko yeye. Mwelekeo akaupata siku hiyo hiyo. Umbali aliutoa kwa Shi'ra, kwa kipimapembe na kurasa kumi na moja za daftari, na kazi ile ilimchukua siku tisa, maana alikosea mara mbili na akairudia yote. Mwisho zikabaki nyota mbili. Akaingia mchezoni kwa chombo kidogo kisicho na hata bunduki, akaiendea ya kwanza, akakuta patupu. Akaiendea ya pili, nyota nyekundu hafifu isiyo na jina ila namba, na bendera ya Darwesh ikampungia.

Hakuigusa. Alirudi zake, akamtafuta Hanadi.

Hanadi alikuwa muuza vitambaa wa Pangani, na mchezoni alikuwa amiri wa kikosi cha mahasimu. Miaka minne alimtafuta Darwesh asimpate, kwa sababu macho ya Darwesh yalikuwa ya Hafidha. Hafidha alimpigia simu akajieleza.

"Mwalimu," Hanadi alisema, "nilisikia alivyokufanyia. Pwani nzima tulisikia. Nipe mahali, kesho naivunja."

"Sitaki kesho. Nataka tarehe ishirini na tisa ya mfungo tisa, baada ya sala ya adhuhuri."

"Vita na tarehe za mwezi, wapi na wapi? Ngojangoja huumiza matumbo, Mwalimu."

"Acha yaumie. Yatakayoumia si yetu."

Kisha akamweleza. Ngome ya mchezo ule ikivamiwa, mwenyewe asipokuwepo kuielekeza mizinga, huanguka kwa saa moja. Akiwepo, inaweza kustahimili kutwa. Darwesh hatainuka kwenye kiti kile, hata nyumba ikiungua. Na Darwesh amehesabu siku tisini kama mtu ahesabuye mifuko ya saruji, thelathini mara tatu. Hakutazama juu. Kwa hesabu ya Hafidha mfungo saba ungekuwa na siku ishirini na tisa, mfungo nane thelathini, na mfungo tisa ishirini na tisa. Themanini na nane.

"Siku ya mwisho huenda kaka yangu akamshtua," alisema. "Mtu mwema yule, hawezi kujizuia. Nataka siku hiyo Darwesh asiwe na mkono wa kupokelea simu. Na msimalize haraka, bibi. Muacheni na tumaini mpaka magharibi."

Hanadi akacheka kwa muda mrefu. "Mimi nilidhani nina roho mbaya."

Miezi miwili ya kwanza ikaandama kama Hafidha alivyosema, na Darwesh, aliyeacha siku nyingi kwenda msikitini ila Ijumaa, hakuuliza. Lakini hesabu haiandamishi mwezi. Mwezi huandamishwa na macho ya watu, na usipoonekana ishirini na tisa, mfungo hutimiza thelathini. Siku ya themanini na nane ilipoingia, wingu lilikuwa limelala upande wa Fukayosi, machweoni, tangu alfajiri, zito, jeusi. Hafidha hakuacha kutoka uani kulitazama. Siku moja zaidi ingemtosha Darwesh kupigiwa simu akaja.

Baada ya adhuhuri alifungua kompyuta. Vyombo vya Hanadi mia moja na sita vilikuwa vimeizunguka ile nyota nyekundu. Darwesh alipiga kelele kwenye vipaza sauti, akiwaita watu wake, akiuliza wameletwa na nani, na Kungwi alikuwa humo ndani ya chombo chake kidogo, anasikiliza kila neno. Alasiri bohari za mafuta zikalipuka moja baada ya nyingine. Hafidha alijua zilipo kwa sababu aliziweka mwenyewe. Darwesh alipozidiwa aliita, kwa mazoea tu, "Hafidha! Tutokee upande gani?" kisha akanyamaza. Hafidha akaongeza sauti ya kompyuta ili asikie vizuri zaidi.

Saa kumi na mbili kasoro, Mikidadi akaanza kuhangaika uani na simu yake.

"Leo ishirini na tisa," alisema. "Mwezi ukionekana leo, eda imekwisha. Shemeji hajui, masikini. Si haki."

"Mpigie basi, kaka," Hafidha alisema.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Mara ya tatu ikapokelewa, na Hafidha aliyekuwa hatua mbili tu aliisikia sauti ya mumewe.

"Shemeji, si sasa! Nina vita hapa, wananimaliza! Baadaye!"

"Darwesh, nisikilize, mwezi—"

Ikakatwa. Mikidadi akabaki na simu mkononi. Jua likazama. Wingu bado. Tatu akatoka jikoni akasimama nao, wote watatu wakitazama machweo. Kisha upepo wa bara ukalichana lile wingu chini kidogo, pakawa na upenyo usiozidi kiganja, na ndani yake, mwembamba kama kipande cha ukucha, mwezi.

"Kaka," Hafidha alisema, "unaona nini?"

Mikidadi hakutaka kuuona. Lakini hakuwa mtu wa kusema uongo. "Naona mwezi," alisema. "Rajabu hiyo."

Muda si mrefu msikitini nako wakatangaza. Hafidha akaingia ndani, akamwandikia Hanadi neno moja: maliza. Akakaa akatazama ngome ya miaka sita inavyogeuka vumbi, na hakufumba jicho.

Darwesh alikuja siku ya tisini, kama alivyoahidi, macho mekundu, ndevu hazijachanwa. Alikuja na Shehe Abdulswamad wa Kerege awe shahidi. Walikaribishwa sebuleni, wakasalimiana wakamaliza, na Darwesh akasema alilojia.

"Shehe, shuhudia. Nimemrejea mke wangu Hafidha."

"Talaka ilisimama lini?" shehe aliuliza.

"Ulipoandama mfungo saba. Leo siku ya tisini. Nimehesabu mwenyewe."

Shehe akamgeukia taratibu. "Tisini umeitoa wapi, Darwesh? Si umeutaja mwezi kwa kinywa chako? Eda ya mwezi hufuata mwezi. Na leo ni Rajabu pili."

"Haiwezekani."

"Niliuona mwenyewe juzi," Mikidadi alisema, akitazama mkeka. "Nilikupigia, shemeji. Ukasema una vita."

Shehe akamwambia kwa upole kwamba lililobaki ni ndoa mpya, kama mwenyewe mwanamke ataridhia. Ndipo Darwesh akamtazama Hafidha usoni kwa mara ya kwanza.

"Hafidha, wamenivunjia kila kitu. Kikosi kimetawanyika. Bila wewe sijui hata pa kuanzia."

"Unajua walikupataje?"

"Sijui. Hakuna aliyepajua."

"Uliwatumia picha. Jua lilikuwa nyuma ya bega lako la kushoto, hukuliona. Mimi nililiona, nikapima, nikampa Hanadi mahali, siku na saa. Bohari za mafuta nazo nilimwonyesha mimi."

"Nimekukosea nini mimi," Darwesh alisema kwa sauti ndogo, "hata unifanyie hivi?"

Alikuwa akiuliza kweli. Hafidha aliliona hilo, na chembe ya huruma iliyokuwa imeanza kumwingia ikakauka palepale. Akauvuta mtandio mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, eda yangu imekwisha tangu juzi, na hapa nimekalishwa na mwanamume asiye maharimu wangu. Mwambie atoke nje nipite."

Darwesh akamtazama shehe amtetee. Shehe akainamisha kichwa. "Ni haki yake," alisema. "Inuka, bwana."

Akainuka. Mlangoni alikosea kiatu, akavaa cha Mikidadi, ikabidi avue atafute chake, na hakuna aliyemsaidia. Watu husema kisasi hakina raha. Hafidha alikaa pale sebuleni peke yake, akausikiliza mlango wa gari ukifungwa, akacheka mpaka Tatu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.