Mama Aliyekataa Kuweka Kidole

Habari ilinikuta sokoni Panda, mtaa wetu wa Likasi, Jumanne, ninachagua sombe, majani ya muhogo. Mwanamke anayeuza chumvi meza ya pembeni aliniinamia akasema: «Mama, ule mama wa mikate amekufa. Leo asubui.» Mtu mwema angesema pole, angeshika kichwa. Mimi, na ninyi mnaonisoma mnajua sipambi maneno, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: «Watu ni wengi pa kilio?» Akanitazama kwa mshangao, akajibu kwamba viti vyote vya kanisa vimekwisha kupelekwa na bado watu wamesimama mpaka barabarani. Nikarudisha sombe mezani. Nilijua itakuwa hivyo. Karibu miaka thelathini tuliishi kambi moja ya wafanyakazi, ukuta wake ndio ukuta wangu, na sikumbuki siku ambayo mama huyu alikosa watu. Mikate yake ya mafuta ilikwisha kununuliwa kabla yangu haijapoa. Mume wake alitoka kazini akafika nyumbani bila kupitia kwenye pombe. Yeye alisema polepole na watu wakanyamaza kumsikiliza. Mimi nikipaza sauti, watu wanakumbuka wana safari. Hata kufa amekufa vizuri: ameugua siku mbili, amewaaga watoto wake, amelala. Sitaandika hapa kwamba nilimpenda. Nilimwonea wivu, na leo, akiwa ardhini, bado ninamwonea.

Msomaji aliyezaliwa juzi hataelewa kisa chetu kama hajui kidole gumba kilikuwa kitu gani kambini. Kampuni kubwa ya shaba ilitulea kama baba mkali. Siku ya posho, wake wa wafanyakazi tulipanga mstari mbele ya stoo. Karani anafungua kitabu, unachovya kidole kwenye wino, unakibandika, unapewa unga, mafuta ya mawese na samaki wakavu. Hakuna aliyeuliza karatasi inasema nini. Ya nini kuuliza? Karatasi ilisema unga. Watoto wakiona mama anarudi na kidole cha zambarau, walianza kushangilia kabla hata ya kuuona mfuko. Basi tukazeeka tukijua kwamba kidole kinaleta. Kwamba kinaweza pia kuchukua, hilo hakuna aliyetufundisha, hata kwenye fuaye, ile shule ya kina mama ya kambi, ambako mimi nilijifunza kufuma soksi na kusoma herufi moja moja.

Kisha kampuni ikaanguka. Moshi wa mitambo ukakatika, posho ikawa hadithi, waume zetu wakabaki kukaa mlangoni na nguo za kazi mwilini, kama wanaosubiri king'ora kilie tena. Sisi wamama tukaingia kwenye mitraye, ndivyo tunavyoita vyuma chakavu: tunafukua vipande vya shaba kwenye majalala ya karakana, tunavibeba kichwani, tunauza. Ndipo ikaja kampuni nyingine, ndogo, kutoka ng'ambo, ikakodi bohari karibu na reli, ikanunua mitraye yetu na kuipeleka kwa malori hadi mpaka wa kusini. Mkuu wao alikuwa mzungu mwenye adabu, anayemwinulia kofia kila mama. Alitaka mwanamke mmoja wa kambi akae mlangoni, apokee magunia ya wenzake, awe mdhamini wao. Huyo angepata kitenge, kivuli cha bati na kiti chenye mgongo. Nilifua blauzi yangu nyeupe, nikajipanga wa kwanza. Akachaguliwa yeye. Kwa miezi miwili nilipita mbele ya kiti kile, gunia kichwani, shingo imezama kifuani, naye ananiambia «Karibu, yaya», yaani dada mkubwa, kana kwamba mlango ni wa baba yake. Wenzangu walisema ni heshima. Mimi nilisikia majivuno.

Asubuhi moja karani wa bohari, bwana wa tai, alikuja na karatasi mpya. Ilikuwa yote kwa Kiingereza, na hapa kwetu hata serikali inatugombeza kwa Kifaransa. Lori lilikuwa linanguruma, wamama tumejaa. Nilisimama karibu, nilisikia kila neno.

«Mama, weka kidole, kamyo iko inangoja.»

«Inasema nini?»

«Ni formalité tu.»

«Soma kwa Kiswahili, nisikie.»

«Iko mu Kiingereza, mama.»

«Weye unajua Kiingereza?»

«Kidogo.»

«Basi unisomee ile kidogo yenye unajua.»

Wamama walicheka, lakini hawakuwa upande wake. Mmoja alipiga kelele, akimwita wakili: «Eh, avoka wa mikate! Watoto wetu wako na njaa!» Yeye akafuta mikono kwa kitenge, akasimama. «Minye siweke kidole pa kartasi yenye sijasikia,» akasema bila hasira, akashika njia. Na mimi nikatua gunia langu, nikamfuata kwa maneno, na haya ninayaandika kwa aibu: «Wenzako walipanda treni. Weye ulibakia ya nini, kutufundisha?» Alikuwa wa asili ya Kasai. Watu wa asili yake walikuwa wamefukuzwa mjini, wamelala stesheni na sufuria zao wakingoja mabehewa. Yeye alibaki kwa kuwa mume wake ni wa huku. Aligeuka, akanitazama. «Nilibakia juu ya bwana yangu. Weye ubakie na kidole yako.» Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikachovya kidole, nikakibandika, na siku ile hapakuwa na mwanamke Likasi nzima aliyekaa vizuri kunishinda.

Haikupita muda magunia yakabadilika. Hayakuja tena vichwani mwa wamama. Yalishushwa kwenye magari, na ndani niliona nyaya nene, mpya, bado zina mafuta. Nilijua hazikutoka jalalani. Sikuuliza, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba anayeuliza anasimama, nami nilitaka kukaa. Siku moja umeme wa bwawa la Koni ukakatika Panda yote. Mashine za kusaga zikanyamaza, wamama wakarudi kwenye kinu. Nyaya za laini zilikuwa zimekatwa na kuteremshwa, na askari walipofuata nyayo walizikuta boharini, zimekunjwa vizuri, kila shehena na karatasi yake, kila karatasi na kidole changu. Walinichukua saa nne za asubuhi, jua kali, wajukuu wangu wakitazama.

Nikafikishwa parke, mbele ya mwendesha mashtaka, nikaambiwa kosa hili ni la gereza, tena la miaka. Mzungu akaja na karani wake, shati limepigwa pasi, akaniinulia kofia kama kawaida. Akaeleza kwa upole kwamba sheria ya nchi yao ni kali sana: hawaruhusiwi kununua mali ya wizi popote duniani, ndiyo sababu wanadai tamko la mwenye mali. Tamko lipo. Wao wametimiza. Niliapa kwamba sijui kilichoandikwa. Mwendesha mashtaka akauliza: «Nani atashuhudia kwamba hukusomewa?» Sikuwa na mtu. Wamama waliokuwapo siku ile walijifungia nyumbani, kila mmoja akiogopa kidole chake.

Alikuja yeye, bila kuitwa, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. «Mukubwa,» akasema, «ile kartasi ilianza kufika kwangu. Niliomba waisome, walikatala. Karani uyu apa. Aisome leo, kwa Kiswahili, sisi wote tusikie.» Karani akapewa karatasi. Alisoma kwa kudonoa, kama kuku: «Mimi mwenye kuweka kidole… ninahakikisha mali yote ya kamyo hii ni yangu… niliipata kwa haki… na kukiwa kosa, ni langu peke yangu, kampuni haina neno.» Nilisikia kwa masikio yangu, kwa mara ya kwanza, nilichokisema mara nyingi kwa kidole. Kisha yeye akaongeza: «Mukubwa, muangalie yaya. Ule mama anashindwa kubeba ndoo mbili za mayi. Atapanda pa nguzo ya courant saa gani?» Askari wa mlangoni alicheka. Mwendesha mashtaka hakucheka, ila aliagiza nifunguliwe.

Nje, wamama walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana habari haikosi miguu. Wakaimba, wakapiga vigelegele, wakambeba juujuu. Siku ya kufunguliwa kwangu, vigelegele vilikuwa vyake. Mimi niliyetoka kwenye benchi la washtakiwa nilitembea nyuma, ninatafuta kandambili yangu moja. Tulipofika kwetu nilimfuata ukutani, na badala ya asante nikamuuliza: «Nani alikutuma?» Akajibu, anageuza mikate kwenye mafuta: «Hakuna. Nilikuja juu ya kartasi. Haiko juu yako.» Hata hapo alinishinda. Asante sikumpa siku ile, wala siku nyingine, na sasa hana sikio la kuipokea.

Nimewafikiria sana wale wageni. Kabla ya juma kwisha walifunga bohari na kuhamia upande wa pili wa mpaka, na nasikia faili lao ni safi hadi leo. Kwao walionyesha kidole chetu, kwetu walionyesha sheria yao, na katikati, mahali ambapo hakuna anayeangalia, nyaya zikapita. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kumwona mgeni anayepona kwa kidole cha mwenyeji. Lakini sitawatwisha wageni peke yao. Mzungu hakupanda nguzo. Walipanda watu wetu, na nyaya nilizipokea mimi. Sheria ya kwao ilikuwa na swali zuri: je, mali hii ni ya wizi? Jibu nililijua. Ila sheria inayouliza kwa lugha asiyoielewa anayeulizwa haijauliza kitu. Inatafuta tu mtu wa kubeba lawama, na mtu huyo ni rahisi kumpata pale penye njaa na wivu. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Sasa wanunuzi wengine wameanza kuonekana mjini, kutoka pande ambazo hatukuzijua, nao wana karatasi, tena nzuri kuliko zile. Wamama wa Panda, wamama mnaouza samaki wa ziwa Tshangalele, hata ninyi mabwana wenye diploma, sikieni. Mtu akikuletea karatasi, hata kama anakuinulia kofia, mwambie aisome kwa lugha ambayo mama yako alikugombeza nayo. Akisema lori linangoja, lingoje. Akishindwa kuisoma, mjinga si wewe. Neno hili si langu, ni la jirani yangu tuliyemzika juzi. Ningetamani sana liwe langu.