Pikipiki Iliyokosa Pumzi

Mtaani walimwita Babu Kiki. Si kwamba alipenda sifa. Ni kwamba pikipiki yake haikuwaka bila kupigwa kiki mara tisa, na mtaa mzima ulihesabu. Pikipiki yenyewe waliiita Kikohozi. Ilimfikia ikiwa imeshapita mikono mitatu, taa ina makengeza, kiti kimechanika. Kiti alikishona mwenyewe, maana alikuwa fundi viatu.

Mkewe alikaa nyuma miaka kumi na mmoja, mkoba mapajani, akimdunga kidole ubavuni kila palipo na shimo. Sasa alikuwa mwezi wa tano kaburini, ng'ambo ya mji. Kila Ijumaa Babu Kiki alikwenda kumwona. Magoti yake hayakuwa na safari ya mbali tena. Bila Kikohozi, asingefika.

Ndipo Kikohozi kikaanza visa. Kinaondoka vizuri, kinafika mteremko wa kiwanda cha matofali, kinazima. Ijumaa tatu mfululizo. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akaosha kabureta. Wa tatu akaitazama, akatikisa kichwa, akampa pole kama aliyefiwa upya.

Ijumaa ya tatu alirudi nyumbani amelowa mvua. Binti yake alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, ikikuacha njiani mara moja tena, namwita mtu wa chuma chakavu."

"Na mama yako nitamwendeaje?"

"Nitakupeleka mimi nikipata nafasi."

"Nafasi zako nazijua, mwanangu. Mwaka una moja, na ya mwaka huu umeshaitumia."

Binti akataka kucheka, akajizuia. "Mara moja tu, Baba. Nimesema."

Ijumaa iliyofuata Babu Kiki alitoka mapema, akapitia kwanza kwa Mama Spana, mama wa makamo aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Wanaume walimcheka mpaka pikipiki zao zikawashinda. Hakushika spana. Alivuta kigoda, akaketi.

"Ikizima, mzee wangu, unaanza na nini?"

"Nafungua tenki, naangalia mafuta."

"Yapo?"

"Yapo tele."

"Halafu?"

"Nafunga. Napiga kiki. Inawaka."

Mama Spana akainua nyusi. "Na ukifungua, husikii kitu?"

 Babu Kiki akatazama vidole vyake.

"Inashusha pumzi," akasema. "Fsss. Kama mtu aliyechoka. Nilidhani inanionea huruma."

Mama Spana alicheka mpaka kigoda kikayumba. "Huruma! Mzee, inakufa kwa kukosa hewa!" Akafungua kifuniko cha tenki, akakigeuza kwenye mwanga. "Hapa pana katundu. Mafuta yakishuka, hewa inaingia. Katundu kakiziba, mafuta yanakwama humo humo. Ukifungua, hewa inaingia, fsss, inapata uhai wa kwendea kidogo."

Akachukua pini, akachokoa. Ukatoka uzi mweupe, laini, mnene kama dawa ya meno.

"Nta ya kung'arishia hii! Unaipaka mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kila siku? Pikipiki ya umri huu? Unaiposa?"

 Babu Kiki alifuta kiti cha nyuma kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Naamka mapema," akasema. "Zamani saa hizo tulikuwa tunaongea, mimi na marehemu mke wangu."

Mama Spana aliacha kucheka. Akapuliza lile tundu mara mbili, akakirudisha kifuniko polepole, akakaza.

"Paka, mzee wangu. Paka utakavyo. Ila katundu kaachie."

Babu Kiki aliondoka. Mteremko wa kiwanda cha matofali ulipokaribia, alikaza meno na kushika usukani kama anayeshikilia mbuzi. Walinzi wa kiwanda, waliokwisha kumzoea, walikuwa wameshamtolea benchi.

"Karibu, Babu Kiki! Leo umechelewa!"

"Leo siketi!" akawapigia kelele, akawapita, moshi nyuma yake.

Makaburini alizima injini mwenyewe, kwa mkono wake. Akaisikiliza ikipoa. Simu ikalia mfukoni.

"Baba, uko wapi? Imezimia wapi? Mtu wa chuma yupo hapa na mkokoteni wake."

"Nimefika."

"Kwa mama? Umefikaje? Umetembea?"

"Na Kikohozi."

"Haikuzima?"

"Haikuzima."

 Kwa mbali alimsikia mtu wa chuma akiuliza kama asubiri au aende, na binti yake akimjibu aende zake. Kisha sauti ikarudi kwenye simu, safari hii ya chini.

"Haya, Baba. Msalimie Mama."

"Zimefika," akasema, akaanza kupanda kijia taratibu, goti moja baada ya jingine.