Siku Niliyomshikisha Mwenyekiti Mkono wa Mama Mkwe

Hii aibu nimeificha mwaka mzima, lakini juzi nimesikia mtu hata hanijui akiisimulia sokoni Mogogosiek, tena ameongeza chumvi, basi wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, mcheke mmalize.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya ualimu katika sekondari moja ya huko, na mkuu wa shule akaniahidi kwamba siku ya wazazi nikifundisha mbele ya bodi na wapendezwe, wananiandika kazi. Hiyo kazi niliitaka vibaya sana, nyumbani hata walikuwa wameshaanza kuniita mwalimu. Mada yangu ilikuwa vile kiunganishi "na" hufichua mifupa ya sentensi (kitu nilikisoma chuo hadi nikawa nakiota, mniwie radhi). Ni hivi: "na" haishiki maneno ovyo, inaunganisha kundi zima na kundi zima, kwa hivyo ukitaka kujua maneno gani yanakaa pamoja, angalia nini kimekubali kukaa upande huu wa "na" na nini upande ule. Rahisi. Ningeandika ubaoni nimalize, niajiriwe. Lakini kimbelembele changu kikaniambia, Kerubo, hapana, chukua wazazi wawe maneno!

Sentensi yangu kila mtu huko anaijua, "Chuma majani mawili na chipukizi moja," maana ndivyo chai huchumwa. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa heshima zake, nikampa karatasi ya "majani", na maneno mengine nikawagawia wazazi waliokaa mbele. Kwa "mawili" nikaona mama mmoja mzee amejikunja nyuma kabisa karibu na dirisha.

"Mwalimu, niache tu, niko sawa hapa," akasema.

Nikadhani ni haya. Nikamleta mbele nikimvuta mkono, nikimwambia asiogope wageni.

"Sasa, 'majani' na 'mawili' ni kundi moja," nikatangaza. "Wazee wetu, shikaneni mikono watoto waone kundi."

Mwenyekiti akaangalia dari, mama akajifunika uso na leso, mkuu wa shule akaanza kukohoa, akakohoa kweli kweli, nami (akili yangu hiyo!) nikaagiza aletewe maji.

"Majani asipomshika mawili wake," nikaendelea, "'na' itajuaje inaunganisha nini?"

"Mwalimu," mwenyekiti akasema polepole, "endelea na hao wengine."

"Hapana mzee, ni sarufi tu!" Na hapo, jameni, kwa mikono yangu hii miwili, nikachukua mkono wake nikauweka ndani ya mkono wa yule mama.

Wamama wakapiga nduru. Mwenyekiti akaruka, akatoka mlangoni bila kofia, akapotelea kwenye majani chai na karatasi yangu bado mkononi. Mama akaketi sakafuni na leso yake kichwani, "woi, woi."

"Huyo ni mama ya bibi yake," jirani yake akaninong'oneza.

Mimi ni Mkisii, nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wachuma chai, na kwetu mkwe unampisha njia kutoka mbali, Wakipsigis wa huko ni vile vile, kwa hivyo siwezi kusema sikujua mila. Kitu sikujua ni nani mkwe wa nani, na sikuuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikaenda kuomba msamaha. Mwenyekiti, Mungu ambariki, hakunifokea.

"Ulikosa bila kujua," akasema. "Niletee mtihani wa hao watoto niusome mwenyewe. Kama walielewa, kazi ni yako."

Nilirudi nikiimba. Nikawapa mtihani, swali likiwa kwa nini "majani" na "mawili" lazima yakae upande mmoja wa "na". Darasa zima, kana kwamba wamekaa kikao, likaandika: kwa sababu ni kundi moja na hushikana mikono, isipokuwa kama moja ni mama mkwe wa mwenyekiti.

Na mimi, kwa vile nusu ya kwanza ilikuwa sahihi na furaha ilikuwa imenipofusha, nikayawekea majibu yote alama ya vema, nikaufunga huo mzigo vizuri, nikaupeleka kwake kwa mikono miwili.

Kazi alipewa mtu mwingine. Siku hizi, kabla niambie watu wawili wazima hata wakae kwa benchi moja, nauliza kwanza wanahusiana aje, na wakiniambia ni majirani tu, nauliza tena.