Kaka Yangu Aliposema Ameitwa

Naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku aliyorudi Projestus, kwa sababu ndiyo siku niliyoanza kumpeleleza kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa amekaa miaka saba visiwani Muleba akifanya biashara ya dagaa, salamu hatumi. Ghafla akatokea hapa Ijuganyondo na begi moja, akapiga magoti mbele ya Tata, baba yetu, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Akasema, "Shikamoo Tata. Mungu ameniita nirudi nikuuguze."

Ninyi wa siku hizi neno hilo mnalisikia kila wiki kwenye vipaza sauti. Fulani kaitwa, fulani katumwa. Mimi nikilisikia masikio husimama, na siku ile yalisimama zaidi, kwa kuwa Tata alikuwa bado hajamtaja omusika, yaani mrithi anayeachiwa nyumba na kibanja, shamba la migomba na kahawa la ukoo. Kwa desturi yetu huwa ni mwana wa kwanza, na wa kwanza alikuwa Projestus. Lakini mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye niliyetandaza nyasi migombani na kuchuma kahawa miaka yote hiyo. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Mungu gani huyu anayeita watu wosia ukikaribia?

Basi nikamchunguza. Akimwogesha Tata, nasimama nyuma ya mlango nisikie wanachoongea. Akimlisha, najifanya natafuta panga. Tukisali rozari nafungua jicho moja nione kama lake limefumba. (Usicheke, nilifanya kweli.) Siku moja nilimkuta kibanjani akishika mgomba mmoja baada ya mwingine, nikasema moyoni, leo nimekukamata, unakagua mali. Kumbe alitafuta majani laini ya kumtandikia Tata asipate vidonda vya mgongo. Hata hilo sikuliamini mara moja.

Nikaenda kwa Mwalimu Pastory, katekista aliyeniandaa kwa komunyo ya kwanza. Nikamwomba amwite Projestus amhoji, kwa maana wito wake nautilia shaka. Mzee alikuwa anapepeta kahawa, wala hakuinua kichwa.

"Baba yenu ameugua tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili, Mwalimu."

"Kabla kaka yako hajaja, nani alikuwa anamwogesha?"

"Binamu yetu mmoja, siku akipata nafasi."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na kazi za kibanja."

"Basi wa kwanza kuitwa ni wewe, nawe ulikuwa chumba cha pili tu. Mungu alipoona husikii, akaenda kutafuta mwingine kisiwani." Akaendelea kupepeta kahawa yake.

Niliondoka nimekasirika sana. Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hununa.

Haukupita muda, wazee wa ukoo wakaitwa. Tata akanitaja mimi. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini jina langu lilitoka wazi, kila mtu akalisikia. Nikamtazama Projestus usoni. Nilijua sasa wito umekwisha, kesho tutaambiwa Mungu amemwita arudi kwenye dagaa.

Kesho yake alfajiri nikamsikia jikoni akipasha maji ya kumwogesha Tata. Kesho kutwa vilevile. Ikawa hivyo miezi mitano. Nilimngoja aondoke, mwanangu. Nilitamani aondoke, ili nionekane sikukosea. Nasema haya kwa aibu. Tata alifia mikononi mwake, mimi nikiwa migombani.

Matanga yalipoisha, Projestus akachukua begi lake lile lile. Nikamwambia akate kipande cha kibanja achukue. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuja kwa Tata." Akatembea hatua chache, akageuka. "Ule mlango wa chumbani bawaba zake zinalia. Zipake mafuta." Miezi yote ile alikuwa anajua nipo nyuma yake, na hakuwahi kuniambia neno.

Sasa wewe mjukuu wangu umekuja kuniuliza utajuaje kama kweli Mungu anakuita seminari. Shuku, mwanangu. Mimi mwenyewe sijaacha kushuku hadi leo, ila siku hizi naanza na moyo wangu. Jiulize, wakiondoa kanzu, na heshima, na watu wa kukuamkia barabarani, alfajiri bado utapasha maji? Ukijibu haraka haraka, jishuku zaidi. Tena kabla hujatazama altareni, tazama chumba cha pili. Mama yako yuko Kahororo peke yake na ile presha yake. Umemwona lini? Mungu hawezi kukuita ukamhudumie mgeni huku amemlaza mama yako mlangoni ili umruke. Anza hapo. Kama seminari ni yako, utaikuta bado inakungoja, na mimi nitakusindikiza hadi getini kwa mkongojo wangu huu.

Haya, inama nikubariki. Mungu akuite kwa jina lako, akupe masikio ya kumsikia akiwa karibu, asilazimike kwenda kisiwani kwa ajili yako. Nenda kwa mama yako. Na ukitoka, usishtuke huo mlango ukilia. Sikuupaka mafuta.