Kisanduku cha Nthenya

Simu yangu iliisha chaji kabla treni haijafika Voi, kwa hiyo niliingia mjini bila kujua nitalala wapi, nikafuata kibao cha kwanza kilichoandikwa SAIBA, nikatafute chumba mtandaoni.

Ndani kulikuwa na ugomvi. Nthenya, mhudumu wa miaka mingi, alikuwa ameikumbatia kompyuta ya pembeni kama kuku juu ya mayai.

"Brauza yake ya zamani," alisema bosi wake, Mzee Maundu. "Visanduku viwili vya nini? Leo naweka mpya."

"Kimoja ni cha anwani, kingine cha kutafutia. Hicho cha kutafutia nimekifunga kisikumbuke. Watu wanakiuliza mambo ambayo hata pasta hawamwambii. Hizi zako mpya kwenye mashine nyingine zimechanganya yote mstari mmoja, na zina mdomo!"

"Mdomo! Nionyeshe ubaya wake mmoja tu, ubebe hicho kikongwe chako ukafungue saiba yako huko Mwatate unayoiimba kila siku."

"Umesikia, Wakesho?"

"Nimesikia," alijibu mteja aliyekuwa akingoja kuprintiwa barua.

Maundu alinigeukia mimi mgeni, akapitisha mkono kichwani. Miaka sitini na kitu, alijigamba, na mvi hata moja hana. Siri ni mchicha wa Bura.

"Nikae wapi?" niliuliza.

"Hapo," Nthenya alinyoosha kidole haraka. "Alipokuwa bosi asubuhi."

Nilitaka nyumba ya wageni. Nikabonyeza *n*, nikabonyeza *y*, na mstari ukanimalizia wenyewe, kwa maandishi makubwa ya mtu asiyeona vizuri: *nywele kupaka rangi nyeusi mke asijue*.

Wakesho aliyasoma kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani. "Kumbe mchicha wa Bura siku hizi uko kwa chupa!"

"Hiyo ni ya mteja," alisema Maundu.

"Mteja gani, bosi?" Nthenya alikuwa tayari anachomoa nyaya. "Na hiyo kola, nani ameipaka weusi?"

Maundu aliishika kola yake.

Bodaboda ikaja. Nthenya alipanda na skrini mapajani, mashine imefungwa nyuma kwa mpira.

"Karibu Mwatate, mgeni," alisema. "Ukiwa na swali."

Vumbi likawafunika. Mimi nilibaki, bado sina pa kulala, kidole juu ya kibodi.

"Andika tu, usiogope," alisema Maundu, akisogeza kiti chake karibu na changu.