Kiwanja cha Mtu Aliyechukuliwa

Wakati wa utawala wa jeshi, fedha ilikuwa inaoza mfukoni kama nyanya. Ulichouza asubuhi, jioni hukuweza kukinunua tena. Ndiyo maana hata sisi watu wadogo wa Kampala tulianza kutamani ardhi. Mimi nilikuwa kijana muuza vipuri vya baiskeli, shule niliachia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa nimeshajenga: vyumba vya kupangisha, safu moja, milango yote rangi ya bluu, na mimi barazani napokea salamu za wapangaji. Sukari imepotea, watu wanapotea, na mimi nachagua rangi ya milango. Ndivyo nilivyoumbwa.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya viwanja alikuwa Hajji mmoja mwenye kinu cha kusaga mahindi, Kamwokya. Alinisikia nikiropoka ndoto zangu dukani, akaniambia nije Ijumaa baada ya sala. Nyuma ya kinu chake walikuwa wakikutana watu wachache wenye hamu kama yangu, wakinywa chai ya rangi isiyo na sukari. Kulikuwa na fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na mama mmoja, mke wa polisi kutoka kaskazini, ambaye tayari alikuwa na vyumba vyake na ulimi mkali. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini akasema huyu mtoto wa Kinubi ameoa nyumba kabla ya kuoa mwanamke. Nikacheka nao. Nikawapenda papo hapo.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Mwenye kusikia habari ya kiwanja anaileta kikaoni, wote wanakwenda kukiona, na kikifaa, wote wanamsimamia mnunuzi kama mashahidi. Hakuna kununua ukiwa peke yako, na hakuna kununua kwa mtu aliye peke yake. Unanunua kwa ukoo mzima, alisema Hajji, ama unanunua kesi.

Zamu yangu ikafika. Kiwanja kilikuwa Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba: nyumba ndogo ya bati, na nyuma yake shamba la migomba lililoteremka hadi bondeni. Mwenyewe, dereva wa lori, alikuwa amechukuliwa. Siku zile neno hilo halikuhitaji maelezo. Waliomchukua walikuja mchana na gari safi, wakamwita kwa Kiswahili, lugha ya askari, akaenda na sahani yake mezani. Ndugu zake sasa walitaka kuuza na kumrudisha mke kwa wazazi wake.

Nilipobisha hodi mara ya kwanza nilibisha kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha za nyumbani kwetu, wala sikuwaza. Ndani pakanyamaza ghafla, hata kuku. Mke wa dereva alifungua akiwa ameshikilia fremu kwa mikono miwili. Nikahamia Kiganda haraka, nikamwomba radhi, nikamwambia nimekuja kwa habari ya kiwanja tu. Akapumua. Tangu siku hiyo tulizungumza Kiganda, lakini sikuwahi kusahau vile vidole.

Majirani ukiwauliza habari za mipaka, walikujibu habari za mvua. Jina la dereva hakulitaja mtu. Walisema "yule," wakitazama barabarani.

Hajji aliona tatizo upesi. Mtu asiyezikwa hana mrithi, na bila mrithi hakuna wa kutia sahihi wala wa kunipeleka kwa bwana mwenye ardhi yote ile, ambaye kila mnunuzi mpya wa kiwanja humpelekea kanzu ya kujitambulisha. Wazee wa ukoo wakasema dawa ipo, na ilikuwa ikitumika nyumba nyingi mwaka ule: mwili usipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake. Mke alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: wakishamzika, naye akirudi, atalala wapi? Wazee wakapanga siku.

Asubuhi ya maziko vijana wa ukoo walikuwa wachache, maana vijana wengi walijificha siku hizo, basi mimi mnunuzi nikapewa panga na jembe. Mzee wa ukoo alimwuliza mke urefu wa mumewe. Mke akasimama, akaweka kiganja hewani juu kidogo ya kichwa chake, akakiacha pale, na macho yake yakapanda yakatulia juu ya kiganja kana kwamba uso ulikuwepo. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikaenda shambani.

Nilipata mgomba wa kimo kile. Mgomba wa maziko hukatwa juu ya ardhi, kila Mganda anajua. Mimi sikujua. Kwetu Waislamu maiti haipunguzwi, huzikwa kamili kama ilivyokuja, na moyo wangu ulikataa kumkata yule bwana miguu. Nikachimba hadi nikaung'oa na tunguu lake na mizizi yake yote, nikakata majani tu. Nikaosha udongo. Kisha nikausitiri kwa majani makavu kabla ya kuuleta mbele za watu, kama tunavyositiri wetu. Wazee wakauviringishia nguo ya magome ya mti juu ya majani yangu bila kufunua. Waliobeba waliguna kwa uzito. Mke alishika upande wa miguu.

Walimlilia kama mtu. Na mimi nililia, wala sikumfahamu.

Tukangoja siku ya kumsimika mrithi. Mvua ikanyesha sana. Ilipotulia nilikwenda na fundi mwashi kupima msingi, nikimweleza njia nzima habari za milango ya bluu. Tulipopita kaburini akashika mkono wangu. Katikati ya udongo mwekundu lilikuwa limesimama jani moja, limejiviringa, jembamba, kama mkuki unaosukumwa kutoka chini. Hapakuwa na upepo, lakini ncha yake ilitikisika. Mwashi aliweka kamba yake chini taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika, akarudi barabarani.

Hajji aliposikia hakusema mambo ya mizimu.

"Nenda ukaung'oe mgomba huo kabla mke hajauona," alisema. "Akiuona, huna kiwanja."

Nilikwenda kesho yake na jembe. Nilimkuta mke amechuchumaa kaburini, amezungushia chipukizi uzio wa vijiti, analinyunyizia maji kwa kikombe. Nikaanza kumweleza habari ya tunguu.

"Mizizi niliishika mwenyewe, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nilimbeba miguu."

Nikamwuliza mbona hakusema. Papo hapo shemeji zake na mzee wa ukoo walikuwa wanaingia uani, wamekuja kwa habari ya mrithi. Waliona jani. Mmoja alirudi nyuma hatua, akamkanyaga mwenzake, wala mwenzake hakulalamika. Mzee peke yake alisogea, akapiga magoti, akalichunguza. Alikuwa Mganda wa shamba, hadanganyiki kwa migomba. Akanyanyua macho kwangu.

"Kijana, mgomba wetu uliutoaje?"

Niliona nyumba yangu yote pale, safu moja, imepakwa rangi. Mke alikuwa anatazama kikombe chake.

"Niliukata kwa panga, mzee. Juu ya ardhi."

"Juu ya ardhi."

"Ndiyo, ssebo," nikamjibu kwa heshima.

Mzee alifuta magoti yake. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu, kwamba ukoo hautasimika mrithi wa mtu anayeota. Mwanamke akae nyumbani kwake. Wakaondoka kwa mstari, hakuna aliyeligeuzia kaburi mgongo.

Nilisimama na jembe langu, mtu asiye na kiwanja. Mke wa dereva alimaliza maji, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nilipopita chini ya dirisha nilimsikia anazungumza, kwa Kiswahili cha barabarani, cha madereva kama mumewe, polepole, akinyamaza pale anaponyamaza mtu anayejibiwa.