Kiboko wa Kajaga alitaka kupita tu

Nyinyi vijana munaomutupia kiboko mawe, nani aliwaambia ziwa ni la baba yenu?

Viboko walikimbia vita. Sasa wamerudi Kajaga, kama sisi tulivyorudi.

Leo mumoja alikuwa amelala kwenye majani, nyuma yetu wanawake tunaoanika ndagala, visamaki vyetu, kwenye muchanga. Hakumugusa mutu.

Vijana wakarusha jiwe.
Likamukosa, likapiga pipa tupu. Paa!

Munajua sisi watu wa Buja, tulioishi na vita, tukisikia mulio kama wa bunduki tunafanya nini.
Wote tukalala chini.

Kiboko naye akashtuka, akakimbilia majini. Na katikati yake na maji alikuwa amelala mukamwana wangu Esperansi, mutoto mugongoni.

“Esperansi, simama!”
“Mama, lala! Banapiga!”
“Apana! Ni kiboko! Toka hapo!”

Hakuinua hata kichwa.

Mi na magoti yangu haya nilikimbia, nikamushika kitenge, nikamuburuta pembeni. Kiboko akapita palepale, akakanyaga ndagala, akaingia majini. Hata hakutuangalia.

Vijana wakacheka. “Eh, Bibi, kumbe uko na mbio!”
Mumoja nilimupiga kofi. Mama yake akitaka maneno, aje kwangu, mutaa wa Mutakura.
Ao nilikosea? Semeni.

Esperansi mupaka sasa hataki kumutua mutoto mugongoni.

Kesho ndagala zote zianikwe pembeni. Katikati pabaki wazi mupaka majini, kiboko apite. Na mutu asilale pale, hata wakipiga risasi kweli.